Mtafute Aliyepita, Kabla ya Kisu na Baada Yake

Daktari amesema kizazi kitolewe.

Umetoka kliniki na karatasi mkononi. Umepanda daladala, umefika nyumbani, umepika, umelaza watoto. Hujamwambia mtu. Mumeo umemwambia ni uvimbe mdogo tu. Mama yako umemwambia umepewa vidonge. Kazini umeomba ruhusa ya mambo ya kifamilia. Tarehe inakuja, na wewe umefumba mdomo kama mtu aliyeiba.

Umeiba nini?

Nakuuliza wewe. Wewe uliyetokwa damu miezi na miezi. Wewe unayefunga khanga mbili ndani ya gauni jeusi kila unapotoka, unayechagua kiti cha nyuma ili uwe wa mwisho kusimama, unayegeuka kukikagua kiti kabla hujaondoka. Wewe ambaye damu imepungua mwilini mpaka ngazi za ghorofa ya kwanza zinakutoa jasho na kukuonyesha nyota mchana. Na kwa hali hiyo hiyo umeuza genge, umefundisha darasa, umepalilia shamba, umesomesha watoto. Umefanya kazi ya watu wawili ukiwa na damu ya nusu mtu!

Nguvu hizo unazo. Tena ni nyingi. Nani basi aliyekudanganya kwamba ulipewa nguvu ili uteseke kimya?

Amka, dada.

Kuna mwanamke aliyelazwa wodi hiyo hiyo unayokwenda kulazwa wewe. Alitia saini fomu hiyo hiyo. Akapigwa nusu kaputi, akashonwa, akarudi nyumbani, akapona. Leo anapanda daladala iliyojaa na anasimama mpaka kituo cha mwisho. Amevaa gauni jeupe. Huenda anakaa mtaa wa pili. Huenda mnaimba naye kwaya. Huenda ni shangazi yako mwenyewe, na mwaka ule mlipoambiwa amekwenda mjini kutibiwa tumbo, tumbo lenyewe lilikuwa hilo.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi mtafute aliyekilalia.

Mtafute kabla ya kisu. Mshike baada ya kisu. Hilo ndilo nililokuja kukuambia, na sikuachi mpaka ulifanye.

Au unadhani ni wewe tu? Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003 ulionyesha kwamba wanawake weusi zaidi ya 80 katika kila 100 huwa wameshaota uvimbe kwenye kizazi wanapofika miaka 50, na wazungu karibu 70. Wengi wanaishi nao bila habari, maana hauwasumbui. Lakini kuna ambao uvimbe unakua, damu haikatiki, mkojo unabana kila saa, tumbo linatuna mpaka majirani wanauliza mimba ina miezi mingapi. Na uvimbe si sababu pekee. Kuna kizazi kinachoshuka. Kuna saratani ya mlango wa kizazi, ambayo hapa Tanzania ndiyo inayoongoza kwa saratani za wanawake. Kuna mama aliyejifungua salama, damu ikakataa kukoma, madaktari wakakitoa kizazi usiku huo huo ili abaki hai.

Jumlisha hao wote. Wako sokoni, wako misikitini na makanisani, wako maofisini, wako shambani. Wamenyamaza tu.

Wamenyamaza kama ulivyonyamaza wewe.

Tazama mila zetu, hasa huku pwani. Ulipovunja ungo alikuwapo somo. Ulipokaribia kuolewa, kungwi alikukalisha mkekani akakufunda siku kadhaa. Ulipobeba mimba, mtaa mzima uligeuka mkunga: usile hiki, lala ubavu huu, usibebe kile. Bibi zetu walijua kwamba mambo makubwa ya mwili wa mwanamke hufundishwa na aliyeyapitia. Hawakumpeleka mwari kwa msichana asiyejua ndoa ili amfunde ndoa. Leo unakwenda kutolewa kizazi, jambo zito kuliko hayo yote, na hakuna aliyekukalisha mkekani?

Somo wa jambo hili yuko wapi?

Yupo. Hujamuuliza.

Najua utakachosema, kwa sababu nimekwisha kukisikia kwa wengi. Utasema unaona aibu. Aibu ya nini? Kizazi ni kiungo. Aliyetolewa kidole tumbo anasimulia harusini na watu wanacheka naye, wewe kiungo chako kimeugua na unaona umekosa adabu?

Utasema daktari ameshakueleza. Kweli amekueleza, na mshukuru, na umwamini kwa kazi yake. Lakini alikuwa na dakika chache na nje kulikuwa na foleni ya benchi tatu. Daktari anajua kisu kinapita wapi. Namna ya kukohoa siku ya pili ukiwa na mshono mbichi utaambiwa na aliyekohoa.

Utasema utamtafuta ukishapona. Ukishapona? Utakuwa umeshavuka giza lote peke yako, unatafuta taa ya nini?

Utasema humjui mtu. Hapo ndipo ninapokataa kabisa.

Humjui, au hujauliza?

Anza na nesi wa kliniki ya wanawake. Usimwombe jina la mgonjwa wala namba yake ya simu, hawezi kukupa na hapaswi kukupa. Mwachie namba yako wewe. Mwambie: "Sista, akitokea mama aliyefanyiwa upasuaji kama wangu, naye akaridhia, naomba anipigie." Sentensi moja! Umeshindwa nini hapo? Kwenye hospitali kubwa yuko afisa ustawi wa jamii, na ofisi yake ina mlango. Ubishe. Kama shida yako ni saratani na unatibiwa Ocean Road pale Dar es Salaam, au Bugando Mwanza, au KCMC Moshi, basi benchi unalokalia limejaa majibu. Kuna mwanamke hapo aliyekuja kuangaliwa tu maendeleo yake, matibabu alimaliza zamani. Geuka. Msalimie. Muulize ametoka wapi na safari ilikuwaje. Mazungumzo mengine yatajileta.

Kisha rudi kwenye ukoo wako. Muulize mama mkubwa, muulize bibi. Utashangaa ni mambo mangapi yaliyofichwa kwenye ukoo mmoja. Kisha nenda kwenye kikoba chako. Mnakutana kila wiki, mnahesabu hisa, mnakopeshana, mnazikana, mnaozeshana. Wanawake ishirini na zaidi chumba kimoja, na unaamini hakuna hata mmoja aliyepita? Usisimame kutangaza kama hutaki. Mvute kando mmoja unayemwamini, umwambie unakokwenda, umuulize kama anamjua aliyewahi kwenda.

Uone simu yako usiku huo itakavyolia.

Sasa sikiliza kitu atakachokupa aliyepita. Wengi wanafikiri atampa mtu huruma. Huruma unayo ya kutosha, tena inachosha. Aliyepita atakupa maswali.

Atakuuliza: umemuuliza daktari kama kuna njia nyingine? Uvimbe mwingine hutolewa wenyewe na kizazi kikabaki. Damu nyingine hudhibitiwa kwa dawa, au kwa kitanzi chenye homoni. Huenda kwako njia hizo zimeshapita wakati, huenda hazijapita, na wa kukuambia ni daktari bingwa. Lakini hatakuambia usipomuuliza! Atakuuliza: wanatoa kizazi na mlango wake, au mlango unabaki? Ukibaki, bado utahitaji kupimwa saratani ya mlango wa kizazi kama zamani. Na ovari je? Zikibaki, homoni zako zinaendelea kutengenezwa hata kama hedhi imekoma. Zikiondolewa kabla hujafikia ukomo wa hedhi, ukomo unakujia kwa kishindo: joto la ghafla, jasho usiku, usingizi kutoweka, mifupa kudhoofika kadiri miaka inavyokwenda. Hayo yana matibabu, na ni haki yako kuyajadili kabla ya kutia saini. Wanapasua tumbo, wanapitia chini ukeni, au wanatumia matundu madogo? Damu yako ni ngapi leo, na nani atakuchangia ikihitajika? Usingoje kutafuta wachangiaji asubuhi ya upasuaji, ndugu wanakimbizana na bodaboda huku wewe umeshavuliwa hereni.

Andika maswali hayo. Kwenye daftari la mtoto, kwenye ukurasa wa mwisho, popote. Nenda nayo. Yasome mbele ya daktari bila kutetemeka. Fomu ile inaitwa ya ridhaa kwa sababu ridhaa ni yako. Usiitie saini huku umeinamisha kichwa.

Halafu aliyepita atakupekulia begi.

Atakuambia utoe hizo chupi ndogo ulizonunua mpya kwa ajili ya wodini, uweke kubwa, zile zinazopanda juu ya kitovu, zisikae kwenye mshono. Weka madera mawili mapana. Weka pedi, kwa sababu damu kidogo na majimaji vinaweza kuendelea kutoka kwa wiki kadhaa. Weka mto mdogo. Wewe utauliza, mto wa nini na hospitali ina mito? Atacheka. Ule ni wa kukandamiza tumboni ukikohoa, ukipiga chafya, ukicheka. Atakufundisha kuamka kitandani: usijiinue mbele moja kwa moja, geuka ubavu kwanza, shusha miguu, kisha jisukume kwa mkono. Atakuonyesha pale pale, amelala kwenye kochi lako na viatu amevua. Atakuambia kwamba maumivu ya gesi yanaweza kukushtua kuliko ya mshono, na kwamba siku inayofuata nesi atakutaka usimame na kutembea wakati wewe unatamani kufa, na umtii, kwa sababu kutembea mapema kunazuia damu kuganda miguuni na kunaamsha utumbo. Atakuambia choo cha kwanza ni kigumu, unywe maji, ule papai. Siku ya kurudi nyumbani usipande bodaboda. Mto ule ule uuweke kati ya tumbo na mkanda wa gari, na dereva umwambie matuta ayapande taratibu.

Hayo utayapata kwa nani mwingine?

Na dalili za hatari atakukaririsha: homa, damu nyingi yenye mabonge, uchafu unaonuka, mshono unaofumuka au kutoa usaha, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana na pumzi kukatika. Ukiona mojawapo, hospitali mara moja, usiku au mchana. Wala usimpigie yeye kwanza. Aliyepita wa kweli anajua mwisho wa kazi yake ni wapi na ya daktari inaanzia wapi.

Nisimame hapo kidogo, maana kuna watu wa kuogopa. Kuna anayejiita mwenzio kumbe ni muuza dawa. Anakusikiliza dakika tano, dakika ya sita anatoa chupa: hii inayeyusha uvimbe, achana na kisu. Mkimbie! Kuna mwingine hana cha kuuza, ila ana vitisho tu: fulani hakuamka, fulani alikimbiwa na mume, fulani aligeuka hivi. Huyo naye mshukuru uondoke. Mtu anayefaa utamjua kwa jambo moja: ukiachana naye, unajua hatua yako inayofuata ni ipi. Kama umeachana naye na moyo umejaa hofu tu, tafuta mwingine.

Tafuta mwingine. Usikate tamaa kwa mmoja.

Haya, kisu kimepita. Umerudi nyumbani. Wiki ya kwanza nyumba imejaa: machungwa, mikate, uji wa lishe, sala. Wiki ya pili wamepungua. Wiki ya tatu mlango uko kimya, na kwa macho ya watu umepona, kwa sababu unasimama na unatabasamu. Hapo ndipo maneno yanapoanza. "Bado unalala tu?" Ndoo imejaa bombani inakutazama. Ndani ya tumbo lako mishono haijakomaa. Kupona kwa upasuaji wa tumbo huchukua kama wiki 6 hadi 8, na muda huo hubebi ndoo, hubebi mtoto mzito, hutwangi, hufui mablanketi, na tendo la ndoa linasubiri mpaka daktari akukague na kukuruhusu.

Nani atakutetea mbele ya mawifi? Aliyepita!

Yeye ndiye atakayekuja na binti yake abebe maji. Yeye ndiye atakayemkazia macho mama mkwe na kusema, "Mama, mimi niliinua ndoo wiki ya nne, nikarudishwa hospitali. Huyu mwacheni." Neno lake litasikika, maana analisema akiwa na kovu.

Na yeye ndiye utakayempigia siku utakapolia bila kujua unalia nini. Siku hiyo inakuja kwa wengi. Unaosha kikombe, unaona tangazo la nepi kwenye televisheni, machozi yanashuka. Hata mwenye watoto sita analia. Hata aliyekuwa akikichukia kizazi hicho kwa mateso yake analia. Mpigie. Atakuambia na yeye alilia, na atakuambia ilichukua muda gani.

Lakini kuna mwanamke mwingine anayesoma hapa ambaye sitampigia kelele. Ni wewe uliyetolewa kizazi kabla hujapata mtoto. Au wewe uliyeingia kujifungua ukaamka kesho yake ukaambiwa kilichotolewa ni pamoja na kizazi, na pengine mtoto naye hakubaki. Wewe hukupata "kabla". Hakuna aliyekuandaa, hakuna begi, hakuna maswali. Wewe sikuambii ujikaze. Omboleza. Ulichopoteza ni kikubwa na hakuna mwenye haki ya kukipunguza kwa kukuambia shukuru uko hai. Ila usiomboleze peke yako. Yuko mwanamke aliyeamka asubuhi hiyo hiyo kama yako, kwenye wodi kama yako, na yeye tu ndiye anayeweza kukaa nawe bila kukuambia neno la kijinga. Ukipata nguvu za jambo moja tu mwezi huu, ziwe za kumpata huyo. Na usingizi ukikataa, chakula kikakataa, ukaona maisha hayana haja tena, rudi hospitali uwaambie waziwazi. Moyo nao hutibiwa.

Sasa tuyavunje na haya maneno ya vibarazani, maana yanaua wanawake wetu kabla ya ugonjwa.

Eti tumboni linabaki shimo. Uongo. Utumbo unajipanga na kuchukua nafasi. Eti mbegu za mume zitapotelea tumboni. Uongo. Kizazi kikitolewa pamoja na mlango wake, juu ya uke panashonwa na kufungwa. Eti unakuwa mwanamke baridi. Wengi hurudia tendo la ndoa vizuri, na wapo wanaolifurahia kuliko mwanzo, kwa sababu maumivu na damu vimeondoka. Anayepata ukavu au kupoteza hamu, hasa aliyetolewa ovari, ana msaada hospitalini. Eti si mwanamke kamili.

Nani kasema? Amepima uanamke kwa mizani ipi?

Unajua dawa ya uongo huo ni nini? Si semina. Ni mwanamke mmoja aliyetolewa kizazi, aliyesimama mbele yako, mnene wa afya, anakuambia, "Mimi hapa. Nitazame."

Na mume wako naye ana hofu zake, ila hana wa kumuuliza, kwa hiyo anawauliza wa kijiweni. Mkutanishe na mume wa huyo mwenzio. Wanaume wawili, vikombe viwili vya kahawa, basi. Mambo ambayo hawezi kukuuliza wewe atamuuliza yeye.

Usidhani haya ninayoyasema ni ndoto. Mwaka 1952 huko New York, mwanamke aitwaye Terese Lasser alitolewa titi kwa sababu ya saratani, akakosa mtu wa kumjibu maswali yake. Alifanya nini? Alianza kuwatembelea wanawake waliotoka kwenye upasuaji kama wake, kitanda kwa kitanda. Kazi hiyo ikawa mpango ulioenea nchi nyingi. Mwaka 1987 hapo Uganda, Noerine Kaleeba alikuwa amempoteza mumewe kwa UKIMWI. Wakati huo ugonjwa ule ulikuwa haunenwi. Yeye na wenzake wachache, wengi wao wakiishi na virusi au wakiwa na mgonjwa nyumbani, walianza kukutana na kutiana moyo. Hilo ndilo shirika la TASO, ambalo limehudumia maelfu kwa maelfu. Na hapa kwetu, hospitali ya CCBRT ilipoanza mwaka 2009 kutuma nauli kwa M-Pesa ili wanawake wenye fistula wafike Dar es Salaam kutibiwa, waliosaidia kuwatafuta vijijini walikuwa mabalozi, na miongoni mwao walikuwamo wanawake waliotibiwa wakapona. Nani angeweza kumshawishi mwanamke aliyejificha miaka nyuma ya nyumba kwa harufu ya mkojo, kama si mwanamke aliyejificha vivyo hivyo?

Lasser hakungoja ofisi. Kaleeba hakungoja aibu iishe kwanza nchini.

Wewe unangoja nini?

Na hili, dada, nalisema kwako wewe uliyekwisha kupona: deni lako bado. Umepata afya, umerudi kazini, gauni jeupe umevaa, na siri umeifungia kabatini. Wiki hii hii, mtaani kwako, kuna mtu amepewa karatasi ile. Amepika, amelaza watoto, amefumba mdomo. Unaweza kumpunguzia nusu ya hofu kwa saa moja tu ya jioni yako. Saa moja! Unajua jinsi ya kuamka kitandani. Unajua habari ya mto. Unajua kwamba wiki ya tatu ndiyo mbaya. Elimu hiyo uliinunua kwa mwili wako, na imelala usingizi ndani yako bila kumfaa mtu. Iamshe.

Nenda kwa nesi wako umwachie namba, useme uko tayari kupigiwa. Kwenye kikoba, omba dakika tano baada ya kuhesabu hisa, useme, "Mimi nilitolewa kizazi, mwenye swali anifuate." Mwanzoni watu watashangaa. Halafu mmoja atakufuata hadi nje, atajifanya anauliza bei ya vitenge. Msikilize huyo. Wakifika watatu, kutaneni Jumamosi moja kwa mwezi. Hamhitaji katiba, hamhitaji fulana zenye nembo, hamhitaji mgeni rasmi. Mnahitaji mkeka, chai, na kukubaliana kwamba kinachosemwa hapo kinabaki hapo. Huyu akienda kulazwa, wawili wanachangia damu, mmoja anapika kwake, mmoja anabaki na watoto. Mmefaana kwenye misiba na harusi miaka yote hii. Hili litawashinda kwa lipi?

Na wewe ambaye tarehe yako imeandikwa kwenye kadi, usilale leo bila kuuliza. Funga ukurasa huu. Chukua simu. Mpigie shangazi uliyemfikiria uliposoma mwanzo kabisa, maana najua kuna mtu ulimfikiria. Usianze na salamu ndefu. Mwambie: "Shangazi, wanataka kunitoa kizazi. Wewe ilikuwaje?"

Kisha nyamaza, umsikilize.